Henzirani Mbichi Haikaliwi

Nyinyi mnaokuja Jumamosi kwenye ule ukumbi wa nyuma ya soko la Lewisham, mmebeba viti vyenu kwenye basi kama mnaopeleka mgonjwa hospitali, nakuandikieni haya nikiwa nimesimama. Si maringo. Mimi kukaa sijui. Nimewakalisha watu wa London tangu nilipokuwa kijana, na mwenyewe nikikaa kidogo tu miguu inaniwasha, nainuka, nakwenda dirishani, nawasha birika, kisha nasahau nimewashia nini. Binti yangu husema nyumba hii ina viti vizuri kuliko vya balozi na mwenye nyumba asiyevijua kwa makalio.

Tangu nistaafu ndiyo imezidi. Mikono inatafuta kazi yenyewe, hainiulizi. Majuzi kwenye treni nilijikuta nimeshika matamvua ya skafu ya dada wa watu aliyekaa pembeni yangu, nayapitisha juu, chini, juu, chini, mpaka nimeshasuka kipande. Akageuka akaniangalia. Nikamwomba radhi, akacheka, alhamdulillahi, maana mwingine angeita polisi.

Na wiki hii nimehangaika zaidi ya kawaida, na sababu ni nyinyi. Jumamosi iliyopita mmoja wenu, yule binti wa miwani mikubwa, aliniuliza, "Bibi, unajuaje kama kiti kimeshakuwa tayari?" Nikamjibu pale pale kwamba kiti kiko tayari kikilia. Nikatoa funguo zangu mkobani, nikazirusha juu ya kiti chake, zikaruka na kutoa mlio kama kigoma, mkapiga makofi, tukaenda zetu. Jawabu lile alinipa mwalimu wangu na nimeishi nalo. Lakini si jawabu zima, nami nilijua si zima wakati ule ule ninalitoa. Nilikuwa nawahi basi. Sasa limenikaa kooni siku zote hizi, afadhali nilimalize.

Kwanza tuelewane tunasema viti gani. Ni hivi mnavyovipenda nyinyi, vya Kifaransa, vya miaka ya hamsini na sitini, ambavyo leo kila mwenye sebule London anavitafuta. Zamani tulikuwa tunaviokota nje ya nyumba za watu. Wafaransa, baada ya vita, walichoka na viti vizito vya dhahabu na vichwa vya simba, wakaanza kutengeneza vyepesi. Miguu myembamba iliyotanuka kama bikari. Mkono wa mti wa mwaloni au msaji, umepinda kidogo tu pale kiwiko kinapotaka kulala. Kiti na mgongo havina mto wala sponji, ni henzirani tupu, ile ngozi ya mti wa kutambaa iliyochanwa nyembamba ikasukwa matundu matundu. Aliyekichora kiti kama kile alikuwa mchoyo wa mbao na mkarimu wa hewa. Vingi vilipelekwa nchi za joto walizozitawala, kwa sababu ukikalia henzirani mgongo hautoki jasho. Wengine wetu, basi, viti hivi tuliviona kwanza kwetu, kwa mbali, kwenye baraza za wenyewe.

Mnapokipokea kiti, kigeuzeni miguu juu kabla hamjagusa kitu. Mkiona matundu yamezunguka fremu, kimesukwa kwa mkono. Mkiona mfereji umezunguka na kijiti kimebanwa ndani yake, hiyo ni henzirani ya mashine, ile inayouzwa kwa roli kama kitambaa. Msiidharau ya mashine. Wafaransa wenyewe waliitumia sana miaka ile, na fundi anayekwambia ya mkono tu ndiyo halisi anataka umwonee huruma. Loweka kanda zako kwenye maji ya vuguvugu mpaka zizunguke kidole bila kulalamika, na maji yageuke rangi ya chai. Upande unaong'aa ukae juu, huo ndio ngozi. Unapita wima, halafu mlalo, halafu wima tena, halafu mlalo ule wa kusuka, mwisho mishazari miwili inayokatana, na tundu linatoka lenyewe, pembe nane. Vile vinywele vinavyobaki, pitisha moto mdogo wa kibiriti haraka haraka, umewasha umezima. Ukichelewa unachoma kiti cha mtu.

Ngoja, birika.

Nimerudi. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kanji, Mhindi wa Tanga. Mpaka leo anakaa Kingsbury, na miaka yote alivuka mji mzima kuja Lewisham kwenye karakana yake chini ya reli. Nilimjua hivi. Nilikuwa napita zangu na kikapu cha sokoni, mgeni, sina kazi, baridi imenishika masikio, nikasikia mtu ndani anamtukana mjomba wa kiti kwa Kiswahili cha Tanga. Nikachungulia. Amebana kiti baina ya magoti, anavuta ukanda. Mimi nimekulia Unguja kwa bibi aliyesuka mikeka, ukili, ule ukanda wa majani, nimeujua kabla ya kusoma, na mtu akivuta vibaya mwili wangu unaumia. Nikamwambia pale mlangoni, "Baba, unavuta siko." Akanitazama juu ya miwani. "Haya, ingia uvute wewe." Nikaweka kikapu chini nikaingia. Na wallahi aliyekuwa akivuta siko ni mimi. Henzirani si ukili. Lakini nilikuwa nimeshaingia, na sikutoka.

Jaribio la funguo ni lake. Kila kiti kikimalizika alikuwa anatoa funguo zake, shada zima, za nyumba, za karakana, za gari alilokwisha liuza, anazitupa katikati ya kiti. Zikiruka na kulia, anaitikia kwa kichwa. Zikidondoka na kunyamaza, utarudia. "Bi Mwana," alikuwa akiniambia, "nikiona kiti kimelegea nakuona wewe umelegea."

Nilimtesa pia. Mwaka wa kwanza niliosha kiti cha mteja. Kilikuwa cha msaji, kimekoza rangi ya chai ya rangi, na mimi nikaona aibu mtu arudishiwe kiti kichafu, nikakifanyia kama tunavyoifanyia mikeka kwetu, limau na mchanga laini, nikasugua mpaka kikawa cheupe pe. Nikakiweka juani nikijisifu. Mzee Kanji alikizunguka mara mbili. Mwishowe akasema, "Umemwosha babu wa watu mpaka amerudi mtoto mchanga. Sasa nani atamwambia mwenyewe?" Ile rangi ndiyo aliyoipenda mteja. Nikaenda kumwambia mimi.

Halafu hita. Nilisuka kiti changu cha kwanza peke yangu kwa nguvu zote nilizokuja nazo. Kwetu hewa ina maji, ukikaza leo kesho pamelegea kidogo, kwa hiyo unakaza kwa kuzidisha. Nikakiegesha karibu na hita kikauke upesi. Tumekaa kula, tunasikia tak. Kimya. Tak. Ukanda mmoja mmoja unakatika. Mzee Kanji akaendelea na chapati yake, kila mlio ananyanyua nyusi tu. Kabla chai haijaisha nilikuwa na fremu na manyoya.

Hapo ndipo aliponipa sheria ya mbele kuliko zote. Henzirani ikilowa inanyooka na kulainika, ikikauka inajivuta na kukaza. Ndiyo maana kiti kilichobonyea unaweza kukirudisha kwa kitambaa cha maji ya moto kwa chini, ukakiacha kikauke, asubuhi kimekaza kama kipya. Na ndiyo maana henzirani mbichi haikaliwi. Ukiikalia ingali mbichi itakauka na umbo la makalio yako na haitalisahau. Kila kiti kilichotoka pale kilifungwa kikaratasi mkononi chenye maneno hayo kwa Kiingereza. Wateja walikuwa wakicheka. Mimi nilikuwa nawatishia kwa macho.

Sasa ndiyo nafika nilikotaka kufika.

Karakana ilikuwa imeshafungwa, Mzee Kanji yuko kwake Kingsbury na miguu yake inamsumbua, na mimi nasuka kiti kimoja kimoja hapa nyumbani ili nisiwe kichaa. Akaja Mama Riziki. Ni Mkongo wa Bukavu, tunajuana kwa kugombania majani ya mhogo sokoni, yeye anayaita sombe, mimi kisamvu, na anayetangulia ndiye anayebakisha yaliyonyauka. Anafanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba za wazee. Alikuja na mtoto wake Riziki, jitu zima, dereva wa basi, amebeba kiti kichwani na sare yake mwilini.

Kiti cha Kifaransa, cha mwaloni, kimesukwa kwa mkono. Mikono ya kiti iling'aa kwa kushikwa. Henzirani ilikuwa imekatika mbele, pale mapaja yanapopita, ambapo hukatika siku zote, na shimo limefika katikati.

"Dada," akasema Mama Riziki, "hii kiti njo inamukalisha muzee. Kama haiko, anatembea tu." Njo yao ni ndiyo yetu.

Mumewe, Papa Riziki, alikuwa na ule ugonjwa wa kusahau. Amevaa koti asubuhi mpaka usiku, anatoka mlangoni anakwenda dirishani, dirishani anarudi mlangoni. Mtoto wake akirudi kutoka kazini na sare, anamwambia, "Shofere, tunatoka saa ngapi?" Jina la Riziki alikuwa amelisahau miezi mingi. Kitu kimoja tu kilimtuliza, kile kiti. Akikikalia anavua koti, anakula. Tangu alipotumbukia ndani yake kilipokatika, hakukaa tena popote. Kochi hataki, kitandani analazimishwa. Anakula vijiko viwili akiwa wima, miguu imevimba. Na watu wa kaunsil, halmashauri ya mtaa, walikuwa wameshasema watakuja kumtazama, na kama hali ni hiyo atapelekwa kwenye nyumba ya wazee.

"Mi siwezi kumuacha kule," Mama Riziki akaniambia. "Natumika mule, dada. Nazijua."

Nikamuuliza kwa nini kiti hiki tu. Akanieleza. Baba yake mumewe alikuwa mpishi wa daktari mmoja Mfaransa kule Bukavu, na barazani kwa daktari kulikuwa na viti kama hivi. Papa Riziki, mtoto, akakikalia kimoja siku moja, akachapwa vidole. Alipofika London, mtu mzima na mke, alikiona hiki kwenye vitu vya mitumba sokoni, akakinunua hata kitanda hawajanunua. Na tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyekikalia. Si mgeni, si pasta. Riziki mwenyewe, aliyezaliwa nyumba ile, hakuwahi kukikalia hata kwa kuiba.

Basi nikasuka. Wanangu, nilisuka kiti kile kama naposwa. Kila ukanda niliuchagua, kila tundu pembe nane kamili, mishazari imenyooka huwezi kuamini ni mkono wa binadamu. Nikakikausha mbali na hita. Nikazitupa funguo zikaruka karibu zitoke nje ya kiti. Nikawapigia waje, kisha sikuweza kungoja, nikawafuata mwenyewe na kiti.

Papa Riziki alikuwa kwenye njia yake ya dirishani. Akakiona. Akaja, akaweka mkono juu ya mkono wa kiti, akaupapasa, na uso wake ukafunguka. Akageuka, akajishusha polepole, akakaa. Mama Riziki alinishika kiganja. Nikahesabu pumzi.

Akainuka kama aliyekalia kaa la moto.

"Hapana," akasema. "Hii iko ya daktari. Batatupiga." Akafunga kifungo cha koti, akarudi mlangoni.

Mama Riziki akasema, "Iko muzuri sana, dada. Aksanti." Akasema kwa heshima zote, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningelala. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita mtaa wangu mara mbili bila kuuona. Nilikuwa nimekasirika, na sikuwa na wa kumkasirikia. Kazi ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri mpaka ikawa ya daktari.

Nikampigia Mzee Kanji. Nikamweleza yote huku nakwenda na kurudi jikoni.

"Kazi yako haina kosa," akasema. "Sasa iharibu."

"Niiharibu vipi, Mzee?"

"Miaka yote tunawakataza watu nini?"

Nikasimama. Nadhani ni mara ya kwanza mwaka ule niliposimama kweli.

Kuikalia mbichi. Lakini ubonyeo wa Papa Riziki si wa mtu yeyote tu. Ile henzirani ya zamani nilikuwa sijaitupa, situpi kitu, nikaitandaza mezani nikaisoma. Ilikuwa imeshuka zaidi upande wa kushoto. Papa Riziki alikuwa mtu wa kuegemea kushoto. Mimi ni mwembamba, ningekikalia ningeacha kijishimo cha paka. Mama Riziki, Mungu ambariki, ni kinyume. Nikamkumbuka Riziki, alivyosimama mlangoni kwangu siku ile na kiti kichwani, bega la kushoto chini, nyonga ya kushoto nje. Nikampigia mama yake. Akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema fundi cherehani alikuwa akichukua kipimo cha mmoja anashona suruali za wawili.

Jumamosi nikaenda na mataulo na birika langu, sikuliamini lao. Nikakilowesha kile kiti, juu na chini, maji ya moto, taulo juu ya taulo, mpaka henzirani yangu ile nzuri ikawa laini kama ukili uliokesha kwenye maji. Moyo uliniuma, sitadanganya. Nikasogeza hita karibu, ile ile hita niliyoiogopa maisha yangu yote. Nikamwambia Riziki, "Kaa."

Hakukaa. Alikuwa amevaa suruali ya kijivu ya mazoezi, mikono mfukoni. Riziki ni kama wanangu, Kiswahili anakisikia chote, majibu yote Kiingereza. Akasema hawezi. Akasema yeye ni mtu mzima, ana watoto, na akikiangalia kiti kile bado anasikia sauti ya baba yake. Akacheka, lakini miguu haikusogea.

"Ikala," mama yake akamwambia.

Akakaa ukingoni, kama aliyeitwa na mwalimu mkuu. Nikamwambia siyo hivyo, kaa kama mwenye nyumba. Akajisogeza nyuma. Maji yakamfikia, akaguna. Polepole akalegea, bega likashuka kushoto, henzirani ikalia chini yake, ule mlio wa kunyooka ambao kila fundi akiusikia anataka kupiga kelele. Nikauma ulimi. Mama Riziki akamwashia mpira kwenye televisheni, akamkataza kuinuka hata timu yake ifungwe.

Tatizo sasa lilikuwa Papa Riziki. Asimwone mtu kwenye kiti chake. Nikavaa koti langu, nikamwambia, "Papa, twende tukaangalie kama gari limefika." Tukatoka. Tukazunguka mtaa, tukafika kituo cha basi, tukarudi, tukazunguka tena. Anatembea haraka yule mzee. Mimi vile vile. Watu wawili wasiojua kukaa, makoti yamefungwa mpaka kooni, kila mara ananiuliza kama shofere amekuja, nami namwambia bado kidogo. Niseme kweli, nilistarehe. Hakuna aliyeniambia, keti basi mama, pumzika. Tulikuwa na pahala pa kwenda sote wawili, ingawa hatukupajua.

Tuliporudi mpira wa pili ulikuwa umekwisha. Mama Riziki akanikonyeza pale mlangoni. Riziki alikuwa amesimama pembeni ya kiti, anajinyoosha mgongo. Nikapeleka kiganja juu ya henzirani. Kavu. Na katikati, kuelekea kushoto, pameshuka bonde la mtu mmoja na si mwingine. Kilikuwa kiti kibaya kuliko vyote vilivyowahi kutoka mikononi mwangu.

Papa Riziki akaenda dirishani kwanza, kama kawaida yake. Akarudi. Akafika kwenye kiti, akapapasa mkono wa kiti, akageuka, akajishusha. Akazama. Akasogea kidogo kushoto, ile ya mtu anayeingia kitandani kwake. Tukangoja. Akaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akamnyooshea mkewe alishike bila kumtazama, kama mwanamume aliyerudi nyumbani kutoka kazini.

"Kuko chakula?" akauliza.

Mama Riziki akakimbilia jikoni. Riziki naye akageuka amfuate mama yake, na hapo tukaona sote. Nyuma ya ile suruali ya kijivu, henzirani ilikuwa imeacha rangi yake ya chai, matundu pembe nane, safu kwa safu, makalio mazima.

"Riziki," akasema yule mzee.

Jitu lile likaganda. Mama yake akatokea jikoni na mwiko mkononi.

"Riziki, nani alikuambia uikale mu kiti yangu?"

Nilidhani atajibu Kiingereza. "Njo mimi, Papa," akasema, kwa Kiswahili cha mama yake. "Unisamehe."

"Suruali yako inakusema." Akavuta sahani ya bugali magotini. "Usirudie."

Akala, akamaliza, akaomba tena.

Msidhani ni muujiza. Asubuhi yake Riziki alikuwa shofere tena, na ni shofere mpaka leo, siku nyingi. Lakini mzee anakaa, anakula, miguu imenywea. Watu wa kaunsil walikuja, wakamkuta kitini anawaangalia kama wageni wasiojua adabu, wakaandika wanayoyaandika wakaondoka. Yuko kwake. Na Riziki, mama yake ameniambia, ile suruali hajaifua.

Basi wewe binti wa miwani, kiti chako kile cha Jumamosi kimelia vizuri, sikudanganya, na endelea kukaza, maana asiyejua kukaza hawezi kulegeza. Ila kabla hujatoa funguo muulize mwenyewe kwanza nani anakikalia, na anakikalia vipi. Mimi hilo sikumuuliza Mama Riziki. Nilimuuliza kwa nini kiti hiki, nikasikiliza hadithi tamu, nikaenda kusuka nilichokitaka mimi.

Siku ile nilipotoka kwao nilisimama kituo cha basi, birika mkononi, mataulo begani, nikampigia Mzee Kanji. Hakunisalimia, alikuwa amekaa kando ya simu mchana kutwa.

"Umezitupa funguo?" akauliza.

"Nimezitupa, kabla hajakikalia."

"Zimeruka?"

"Hazikuruka, Mzee. Zimekaa."

Nikasikia anavuta pumzi kule Kingsbury.

"Na mwenyewe?"

"Naye amekaa."